Tarehe 23 Desemba, kwenye meza ya mapambo soko la Mbuyuni, Moshi

Saa kumi na nusu alfajiri mtaani kwetu Pasua bado giza, nami niko jikoni nakoroga gundi. Unga wa ngano vijiko vinne, maji ya baridi kidogo kwanza ili usifanye mabonge, kisha maji ya moto, na mwiko haupumziki. Ikishakuwa nzito na kung'aa kama uji wa mtoto, naiepua na kutia chumvi kijiko kimoja. Chumvi ni kwa ajili ya ukungu. Niliwahi kuisahau mwaka mmoja, mteja akanirudishia nyota zenye madoa ya kijani, na alikuwa na haki.

Natengeneza mapambo ya Krismasi kwa vitu vya nyumbani: maboksi ya sabuni, madaftari ya watoto, mabaki ya vitenge, maganda ya mgomba. Naanza mwishoni mwa Oktoba mpaka mkesha wenyewe. Miezi mingine nashona mashuka na vitambaa vya makochi. Watu wakiniona nazunguka mjini Moshi na kiroba nikiomba maboksi matupu madukani, wanadhani natafuta ya kuwashia moto. Wanaojua ninachofanya husema ni mambo ya chekechea. Ndiyo maana nimeona niandike siku moja ilivyokwenda, tena siku ngumu kuliko zote.

Saa kumi na mbili binti yangu anaamka kukata madaftari. Shule zimefungwa, mwaka umeisha, kila nyumba ina rundo la madaftari yaliyojaa, na hiyo ndiyo karatasi ya minyororo yangu. Ila siyawindi peke yangu. Mama wa karanga na mama wa maandazi wanayanunua mwaka mzima ya kufungia, kwa hiyo watoto wa mtaa hupeleka kwao kwanza. Mwaka huu niliwahi, nikaanza kuyalipia siku ileile shule zilipofungwa. Tunang'oa pini, tunakata vipande vya upana wa vidole viwili, tunachovya kingo kwenye rangi nyekundu ya chakula, tunaanika. Hesabu za mtoto zinabaki zinaonekana kwenye pete ya mnyororo, saba mara nane na tiki ya mwalimu pembeni. Sizifichi. Nazipenda.

Chini ya paa uani tumetundika mipira minane ya uzi, kazi ya kijana wangu. Unajaza puto, unalizungushia uzi wa pamba uliolowa gundi mpaka libanwe pande zote, unasubiri likauke, kisha unalipasua kwa sindano na kulivuta nje. Unabaki mpira mtupu ulio wazi kama kiota, ukiweka taa ndogo ndani unapendeza sana. Shida ni unyevu. Uzi ukichelewa kukauka, puto linapungua hewa kabla ya wakati na mpira unabonyea upande mmoja. Nimeigusa, bado mbichi. Nikamwambia aiache.

Saa moja na nusu bajaji, mzigo magotini. Saa mbili meza iko wazi Mbuyuni, kamba imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, nyota zinacheza.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mjini kumejaa, kama kila Desemba watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kuhesabiwa, kama utani unavyosema. Utawajua kwa namna wanavyouliza bei, wamezoea maduka makubwa, lakini macho yao yanakwenda kwenye vitu vya utotoni. Minyororo iliondoka sita kabla ya saa nne. Mwalimu mmoja alinunua pamba niliyoichambua na kuifungia uzi kama matone ya theluji, akaniuliza nimeipata wapi akili ya theluji hapa kwenye joto. Nilimwonyesha Kibo. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni.

Niseme kidogo kuhusu mataji ya mlangoni, kwa sababu yananipa maneno kila siku. Kwetu ukisema shada la maua, mtu anaona jeneza. Mwaka wa kwanza niliyatengeneza kwa majani mabichi na maua meupe, mama mmoja akaguna, "Mwanangu, nani amefariki?" Tangu hapo nayaita mataji, na sifungi ua jeupe hata moja. Zamani nilikuwa nakata mifuko ya rambo vipande vyembamba na kufunga mafundo mpaka duara linakuwa na manyoya. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza tarehe 1 Juni 2019 nikakosa malighafi, nikadhani biashara imekufa. Dada yangu wa Uru akaniambia, migomba imejaa huku, wewe unalilia rambo? Sasa naenda mwenyewe kuchuna maganda makavu, yale ya kahawia yanayoning'inia kwenye shina, nayalowesha yalainike, nasuka kama nywele, nazungushia duara la waya wa kufungia nondo. Kitenge chekundu kinakuwa tai. Katikati nafunga majani mawili ya sale, mmea wa mila ya Kichaga.

Mzee mmoja wa Kibosho alisimama akaliangalia hilo sale muda mrefu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama najua ninachokifunga. Nikamjibu najua, sale ni la kuombea msamaha na kupeleka amani, na Desemba ndiyo mwezi wa vikao vya ukoo. Akanunua mataji mawili bila kupunguza hata shilingi.

Saa tano na robo ndipo alipokuja mwenye oda.

Aliniagiza kwa simu wiki tatu kabla: nyota 40 za shilingi 1,500, mataji matatu ya 10,000. Jumla 90,000. Alitanguliza 30,000. Nilikuwa nimemwekea pembeni kwenye boksi lenye jina lake, na asubuhi ile niliwakatalia watu wawili waliozitaka nyota zilezile. Alishuka kwenye gari, akaokota nyota ya juu, akaigeuza.

"Dada, hili si boksi la sabuni?"

Nikamwambia ndiyo, dada yangu, ni boksi la sabuni.

"Sasa boksi la sabuni elfu moja na mia tano?"

Nilimweleza, na nitaeleza tena hapa maana ndiyo kiini cha kazi yenyewe. Nyota yenye pembe tano sawa haichorwi kwa macho. Unachukua ukanda wa karatasi, unaufunga fundo moja kama kamba, unaulaza na kuukaza taratibu bila kuukunja. Fundo linatoka na pande tano zilizo sawa, bila bikari. Unalibandika kwenye kadi, unarefusha kila upande kwa rula mpaka mistari ikutane, hapo una nyota ya kukatia zote. Ukishakata kwenye boksi, unachukua kalamu iliyoisha wino, unakandamiza mistari kutoka kila ncha mpaka katikati. Unageuza. Upande wa pili unakandamiza kutoka kila pembe ya ndani mpaka katikati. Ukikosea ukapitisha yote upande mmoja, boksi linapasuka. Ukipatia, unabonyeza kidogo kwa vidole na nyota inainuka yenyewe, ina mgongo na bonde, inashika mwanga upande mmoja na kivuli upande mwingine. Kisha gundi, karatasi laini, rangi ya dhahabu mkono wa kwanza, mkono wa pili, uzi. Ni dakika 20 kwa nyota moja bila kuhesabu kukauka. Nyota 40 ni zaidi ya saa 13 za kukaa kwenye kigoda.

Alinisikiliza akiwa anaangalia simu. Akasema anakwenda kulinganisha na za dukani, za plastiki kutoka China, nimshikie mzigo wake. Nikaushika. Kwanini niliushika? Kwa sababu alikuwa ametanguliza pesa, na neno langu kwa mteja silivunji. Lakini ule muda ndio ulioniumiza. Saa sita, saa saba, watu wanapita, wanaonyesha lile boksi, "Mama, zile pale?" nami najibu zina mwenyewe. Mtu mmoja alitaka nyota 20 za kanisani kwao. Akaondoka. Nilimpigia yule mteja mara mbili, haikupokelewa. Sikula mchana, maana ningeacha meza na nani?

Alirudi saa nane kasoro. Sasa alikuwa anataka nyota 25 tu na mataji mawili, tena kwa nusu bei, kwa sababu tai ya taji moja ilikuwa imelala upande. Niliinyoosha mbele yake kwa kidole kimoja. Akasema karatasi ni karatasi. Pale nilipandisha sauti kidogo, sikatai. Nilimwambia, boksi nakupa bure, dada yangu, ninayo mengi nyumbani, chukua hata kumi. Unacholipia ni mikono. Jirani yangu wa viatu akasogea kunituliza. Mwisho alikubali bei ya oda kwa hivyo alivyovichukua: 57,500, toa 30,000 za mwanzo, bado 27,500. Akanipa 27,000, akasema hana chenji, akapandisha kioo.

Kilichonisumbua zaidi si ile 500. Ni zile nyota 15 na taji moja vilivyobaki mezani saa nane ya mchana, na yule wa nyota za kanisani alishakwenda zake.

Halafu mvua. Ilikuja kutoka upande wa mlimani bila kutuma salamu, tukavuta turubai mimi na jirani wa viatu, lakini kamba ya nje ilishalowa. Nyota nne zilinywa maji. Boksi likilowa linavimba tabaka kwa tabaka, ile mistari uliyoikandamiza inapotea na nyota inakuwa bapa kama chapati. Nilizibana kati ya madaftari kuzikausha, na kwa muda nilikaa tu chini ya turubai bila kufanya lolote. Miguu ilikuwa inauma. Kidole cha shahada kina kidonda cha wembe tangu juzi na gundi yenye chumvi inaingia humo.

Sijui vizuri saa ngapi mvua ilikatika. Kumi, kumi na moja. Watu waliotoka kazini walianza kujaa, na wale hawana maneno mengi, wanataka cha kumpelekea mtoto. Nyota zilizobaki ziliondoka moja moja. Kijana wa bodaboda alinunua mbili akafunga kwenye vioo vya pikipiki palepale. Taji lilichukuliwa na dada anayefanya kazi za ndani, alikuwa anapanda basi la Rombo usiku ule kwenda kwa mama yake, akaomba nilifunge vizuri lisivunjike njiani. Nililifunga kwa karatasi tatu na kamba. Nadhani sikufunga kitu kingine vizuri namna ile siku nzima.

Nyumbani nilifika usiku, sikumbuki nilikula nini. Binti alikuwa ameshakata ukanda wa madaftari wa kesho, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, amelala na mkasi kando. Nilizitoa zile nyota nne, nikapitisha kalamu upya mbele na nyuma. Tatu ziliinuka. Ya nne ilipasuka.

Nikatoka uani na tochi kuangalia mipira ya uzi. Nilichoma puto moja moja kwa sindano, nikasikia uzi ukiachana na puto kwa kile kisauti chake kidogo. Mitatu ilikuwa imebonyea. Mitano ilisimama mviringo, mikavu, imara. Nikaifunga kwenye khanga na kuiweka juu ya kabati, kwa ajili ya bajaji ya kesho saa moja na nusu.