Daftari la usiku: bustani nne, hali ya hewa nne

Jioni ya leo, baada ya kumwagilia, nimeketi mlangoni na daftari ambalo limehama nami mara tatu. Halina mengi ndani yake: tarehe, joto la chini kabisa la usiku uliopita, iwapo majani yaliamka yameloa au makavu, na neno moja au mawili juu ya mmea ulionawiri au ulioteseka. Kwa miaka 14 nimelima mboga nyumbani katika mazingira ya aina nne, nikianzia nyanda za juu zenye baridi karibu na Ikweta, kisha tambarare yenye joto na unyevu mwingi, kisha kaskazini ya mbali yenye majira manne, na sasa nchi kavu ambako mvua hupita kama msafiri. Kila nilipohamia nilianza kwa kuuliza habari za jua na za mvua, na kila mara jibu nililolihitaji lilikuwa limelala katika usiku.

Kurasa za mwanzo, za nyanda za juu, zimejaa maneno ya mtu aliyeshangaa. Nilikuwa nimesoma kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo nilijua kwamba kwenye kimo cha mita 2,500 ningepungukiwa na nyuzi 16 hivi kulinganisha na usawa wa bahari. Hesabu hiyo niliielewa, na nikapanda njegere, karoti, kabichi na sukuma wiki, ambazo zote zilikubali bila manung'uniko. Kosa langu lilikuwa viazi na maharage. Niliyapanda matuta yake chini kabisa ya kiwanja, mahali penye udongo mweusi na mzito ambao mtu yeyote angeuonea wivu, na asubuhi moja isiyo na wingu wala upepo nikakuta majani yote yamegeuka meusi na kulegea kama yaliyochemshwa. Hatua 20 tu juu yake, karibu na ukuta wa mawe, maharage ya aina ileile yalikuwa yamesimama wima.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima hapo tangu utoto wake, alikuja kunipa pole, akatazama kiwanja kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Mwanangu, hapo chini ndipo baridi inapolala." Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu tangu siku ile na sijaona lililo sahihi zaidi. Usiku mkavu usio na mawingu ardhi hutoa joto lake kuelekea angani bila kizuizi, hewa inayoigusa inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremka polepole kufuata mwinamo kama maji na kutuama bondeni. Ukuta wa mawe, kwa upande wake, unakuwa umelimbikiza joto la mchana kutwa na kuliachia kidogo kidogo hadi alfajiri. Nilijifunza pia kwamba kipimajoto nilichokitundika usawa wa kichwa changu kilinidanganya, kwa sababu katika usiku wa namna hiyo jani lililo karibu na ardhi huweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko hewa iliyo juu yake. Kipimajoto kikisoma 2 au 3, jani huenda tayari limefikia sifuri na jalidi, yaani umande ulioganda, imekwisha kulishika. Tangu hapo nikakishusha hadi usawa wa mimea. Tena nikaanza kufunika matuta kwa shuka kuukuu jua linapokaribia kuzama, wakati udongo ungali na joto la kuhifadhiwa, badala ya kungoja hadi nihisi baridi mwenyewe. Anayefunika usiku wa manane anafunika baridi ndani.

Si kwamba baridi ni adui wa kila mboga. Sukuma wiki ya majira ya baridi ina ladha tamu kuliko ile ya wakati wa joto, kwa sababu mmea unapohisi baridi hulimbikiza sukari katika majani yake, na sukari hiyo huyafanya maji yaliyomo yasigande upesi. Niliwahi kuchuma majani yenye jalidi bado pembezoni, nikayala mabichi palepale tutani, na ladha ile naikumbuka hadi leo.

Kisha nikateremka tambarareni, na hapo ndipo nilipopata funzo lililonigharimu miezi mingi kuliko yote. Joto lilikuwa jingi, mvua ya kutosha, udongo wenye rutuba, nami nikadhani kwamba mahali pasipo baridi nyanya haziwezi kushindwa. Nilisia mbegu, nikaatika miche vizuri, nikaipandikiza jioni, nikaisimika miti. Ilikua hadi kunipita kimo, ikachanua maua kwa wingi, na maua yote yakapukutika. Kikonyo kiligeuka manjano mahali pa kiungo, kikakatika, na kila asubuhi nilikuta chini ya mimea maua madogo yametapakaa juu ya matandazo. Niliongeza mbolea ya samadi, na majani yakazidi kunenepa pasipo tunda hata moja. Niliongeza maji. Nilipunguza maji. Katika daftari kuna juma zima ambalo nimeandika neno moja tu kila siku: maua.

Sababu ilikuwa katika safu ile ya joto la usiku ambayo nilikuwa nikiijaza bila kuisoma. Nyanya nyingi hutunga matunda vizuri pale usiku unapokuwa kati ya nyuzi 15 na 21 hivi. Usiku ukiwa chini ya 13 chavua haifanyi kazi ipasavyo, na usiku ukibaki juu ya 24 huku mchana ukipita 32, chavua hudhoofika, uchavushaji unashindikana na ua linaanguka. Usiku wangu wa tambarareni haukushuka chini ya 26 kwa wiki nane mfululizo. Juu ya hayo, mmea hupumua usiku kucha ukitumia sukari uliyoitengeneza mchana, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyotumia zaidi na kubakiza kidogo kwa ajili ya tunda. Mimea ile haikuwa na ugonjwa wala njaa. Ilikuwa haipati pumziko, na nilipoelewa hivyo niliacha kuilaumu.

Nilichokifanya baadaye kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia: nililima vinavyopenda usiku wa joto. Bamia, biringanya, kunde za majani na matembele vilishika bustani yote, na mchicha ukanifurahisha kupita vyote. Mchicha ni miongoni mwa mboga chache zinazojitengenezea chakula kwa njia inayoitwa C4, ile inayotumiwa pia na mahindi na mtama, ambayo hufanya kazi vizuri katika jua kali na joto jingi pale ambapo letusi na spinachi huwa zimekwisha kukata tamaa. Kutoka kusia hadi kuchuma ni wiki nne hivi. Nyanya nilizihifadhia miezi ya ubaridi kidogo, nikachagua zile ndogo za vishada ambazo huvumilia zaidi.

Hapo tambarareni, unyevu nao ulikuwa na mambo yake, na ni mambo ya usiku vilevile. Magonjwa mengi ya ukungu huhitaji jani libaki limeloa kwa saa kadhaa mfululizo ndipo mbegu zake ziote na kupenya. Mimi nilikuwa na mazoea ya kumwagilia jioni kwa kunyunyiza juu ya majani, mazoea niliyoyatoa utotoni bila kuyahoji, na kwa hiyo nilikuwa nikiupa ukungu saa 12 za maji kila siku kwa mkono wangu mwenyewe. Nilihamishia umwagiliaji asubuhi, nikamwaga maji shinani, nikaondoa majani ya chini yanayogusa udongo, nikatanua nafasi kati ya mimea ili upepo upite. Madoa hayakwisha kabisa, lakini yalipungua kiasi cha mimea kuweza kuishi nayo. Mnyauko wa bakteria ulikuwa jambo jingine: ule hukaa udongoni, hupenda joto, na ukikata shina la mmea uliougua na kulitumbukiza katika glasi ya maji safi utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka. Kwa tatizo hilo, wakulima wa nchi za joto huubebesha mche wa nyanya, yaani huuunganisha, juu ya shina la biringanya lenye ukinzani. Nilijaribu kwa miche 12, ikashika 5, na ile mitano ilikua mahali ambapo ndugu zake wote walikuwa wamenyauka.

Kaskazini nilikwenda na mbegu za vitunguu. Zilikuwa zimenipa mavuno mazuri karibu na Ikweta, nami nilizibeba kwa mapenzi kama mtu anavyobeba picha. Huko, katika latitudo ya 50 na zaidi, mchana wa Juni hupita saa 16, wakati Ikweta mwaka mzima ni saa 12 na dakika chache. Kitunguu hakingoji umri ili kijaze chini. Kinangoja mchana ufikie urefu fulani. Aina za mchana mfupi huanza kujaza mwanga ukifika saa 10 hadi 12, na zile za mchana mrefu husubiri saa 14 hadi 16. Vitunguu vyangu, vilivyozoea mchana mfupi, viliamini tangu vikiwa na majani manne kwamba wakati umefika, vikajaza upesi na kukomaa vikiwa na ukubwa wa gololi. Aliyeko Ikweta akipanda aina ya mchana mrefu hupatwa na kinyume chake: majani mazuri ya kijani mwaka mzima na chini hakuna kitu, kwa kuwa ishara inayongojwa haitafika kamwe.

Ni mwaka 1920 ambapo Garner na Allard, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, walieleza kwa mara ya kwanza kwa upana jinsi mimea inavyofuata urefu wa mchana. Miaka 18 baadaye, Hamner na Bonner walionyesha kwa majaribio ya mmea mmoja wa porini kwamba kilichokuwa kikipimwa hasa ni urefu wa giza, kwani mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku ulitosha kuvuruga hesabu yote. Niliposoma habari hiyo nilirudi kwenye daftari langu na kuandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, neno USIKU. Nilihisi kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilinong'ona peke yake.

Kaskazini pia ndiko nilikoonyeshwa ramani ya Marekani ya kanda za baridi, iliyotolewa kwanza mwaka 1960 na ambayo leo ina kanda 13, na nikaona watu wengi wakiitegemea kuchagua mboga. Ramani hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini inahesabu baridi kali zaidi ya kila mwaka, yaani inamwambia mpanda miti kama mti wake utavuka majira ya baridi. Mboga inayopandwa na kuvunwa ndani ya miezi mitatu haitaukuta usiku ule. Kinachohitajika kwayo ni idadi ya siku kati ya jalidi ya mwisho ya machipuko na ile ya kwanza ya vuli, pamoja na joto la udongo: njegere huota udongo ukiwa na nyuzi 5 tu, nyanya hutaka angalau 10, na bamia ukiiwahisha kabla ya 18 huoza ardhini.

Sasa niko katika nchi kavu, mwaka wa pili. Mchana hapa ni mkali kuliko tambarareni, mara nyingi kipimajoto hufika 36, na nilipofika nilikuwa nimekwisha kuamua kutopanda nyanya. Lakini hewa kavu haishiki joto. Jua likizama, joto linaondoka nalo, na alfajiri nasoma 18 au 19. Nilipanda miche sita kwa kujaribu, chini ya wavu wa kivuli wa asilimia 30, na ikatunga. Kumwagilia jioni, dhambi yangu ya zamani, hapa ni jambo jema, kwa kuwa maji hupata usiku mzima wa kuzama kabla jua halijayachukua, na majani hukauka mapema hata yakiloa. Katikati ya tuta nimefukia mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, ambayo hujazwa maji na kuyatoa taratibu kupitia kuta zake, njia iliyojulikana China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kinachonisumbua ni chumvi. Ukoko mweupe umeanza kuonekana pembezoni mwa matuta, kwa sababu maji yanapovukizwa huacha chumvi nyuma, nami hulazimika kila baada ya wiki kadhaa kumwaga maji mengi kwa pamoja ili izame chini ya mizizi. Katika mahali penye uhaba wa maji, kuyamwaga kwa wingi hivyo kunaniuma kila mara.

Letusi niliyoisia wiki iliyopita saa tatu asubuhi haikuota. Mbegu ya letusi ikinywa maji katika udongo uliopita nyuzi 30 hivi hujifunga na kulala, na mimi niliimwagilia ikiwa na siku nzima ya jua mbele yake. Kwa hiyo leo nimeisia upya jua lilipokwisha kuzama, nikaloanisha tuta taratibu na kulifunika kwa gunia lililoloa, ili saa zake za kwanza zote ziwe za giza na ubaridi. Nimeandika tarehe. Kipimajoto sasa kinasoma 24 na bado kinashuka.