Saa Isiyokimbia

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha kwanza Tanga, na baba alikuwa fundi saa. Meza yake ya kioo ilikaa barazani mwa duka moja pale Ngamiani. Dereva wa mzungu mmoja alileta saa ya kutia ufunguo. "Inakimbia, mzee. Dakika kumi kila siku."

Baba alikuta ile springi nyembamba kama unywele imegandana kwa mafuta. Ikigandana hivyo ni kama imefupishwa, na saa lazima iende mbio. Akaisafisha, akaipima siku tatu.

Siku ya kuichukua mzungu alikuja mwenyewe. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka shule, na baba alinitazama kwa fahari: haya mwanangu, tuone Kiingereza cha sekondari.

"Is it running?"

"Anauliza kama inakimbia."

"Mwambie haikimbii tena. Hata nusu dakika."

Nikanyoosha mgongo. "No, sir. It is not running. Not even half a minute."

Uso wa yule mtu ulisawajika. Akamwaga maneno ambayo sikuyashika hata moja. Baba akainyanyua saa, akamwekea sikioni. Akasikiliza, akatabasamu. "But it is running!"

Ningefanyaje? "Baba, anasema inakimbia."

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wahariri wa kamusi kuu ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi run. Mto, pua yenye mafua, duka, injini, hata mgombea wa uchaguzi: kwa Waingereza vyote hivyo vinakimbia. Kwetu saa iliyo nzima inatembea. Ikikimbia ni mbovu, inapelekwa kwa fundi. Mimi siku ile nilijua maana moja tu, ya miguu, na bado inaniuma nikikumbuka baba alivyorudisha lensi jichoni bila kusema neno.

Alikataa hela. "Mwambie aje kesho. Sipokei malipo ya kazi mbovu."

Usiku tulikaa mbele ya redio, saa ile kiganjani mwake. Mtangazaji aliposema ni saa mbili kamili, mshale wa sekunde ulikuwa ndiyo kwanza unafika juu kabisa. Baba akanisogezea.

"Haya, nioneshe. Inakimbia wapi?"