Panya aliyetulia si lazima awe ameacha kuumwa

Mafuta ya karafuu hutia ganzi jino linalouma kwa sababu ya yujenoli, ambayo peke yake hufikia asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo na huziba njia za sodiamu kwenye neva, hivyo ishara ya maumivu haipiti. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza pale inaposemwa kuwa mafuta fulani "yameondoa maumivu kwa panya". Uliza kwanza: yalipimwaje?

Mara nyingi panya hudungwa tumboni asidi ya asetiki ya asilimia 0.6, mililita 10 kwa kilo ya uzito, kisha huhesabiwa anajikunja kwa maumivu mara ngapi ndani ya dakika 20 au 30. Kipimo hiki ni rahisi, na ndicho kinachopotosha zaidi. Chochote kinacholewesha au kulegeza misuli hupunguza kujikunja, na mafuta ya karafuu hulaza hata samaki. Kwa hiyo kabla ya kusifu dawa, mweke panya juu ya fimbo inayozunguka. Akianguka upesi kuliko wenzake, amelewa.

Kipimo kingine, cha kumdunga panya formalini kwenye unyayo na kutazama anavyoulamba, hueleza mengi zaidi. Dakika 5 za mwanzo ni neva kuchokozwa moja kwa moja. Kuanzia dakika ya 15 hadi 30 ni uvimbe. Mofini hutuliza awamu zote mbili, dawa za jamii ya aspirini hutuliza hasa ya pili.

Makosa mengi hutokea wakati wa kuchanganya. Pima kwa mizani, usihesabu matone: panya wa gramu 25 kwa dozi ya miligramu 100 kwa kilo anahitaji miligramu 2.5, ndani ya mililita 0.25. Changanya na maji yenye Tween 80 kidogo (kemikali inayosaidia mafuta kuchanganyika na maji), utikise kila unapovuta sindano, maana mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama. Usipotikisa, kila panya atapata dozi tofauti na mwenzake. Kundi la kulinganishia lipewe maji na Tween ileile, likae mbali na harufu. Andika pia kama mafuta ni ya maua, majani au makonyo, kwani hayafanani.

Miligramu 100 kwa kilo ya panya hukadiriwa kuwa sawa na kama miligramu 8 kwa kilo ya binadamu mzima. Hiyo ni hesabu ya kuanzia utafiti tu, si ruhusa ya kunywa: mafuta haya yakinywewa na mtoto huweza kuharibu ini.