Msikemee hofu kwa mbali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu tulipomzika dada yangu, simu ikilia usiku roho inaniruka. Wiki hii imelia tena, mtu kakosea namba tu, nami sikupata usingizi hadi alfajiri. Nilipowaeleza ndugu kadhaa, jibu likawa lilelile: kemea roho ya hofu. Basi.

Nikakumbuka msemo wa Wachina, "kikombe, upinde, nyoka, kivuli," wanaomsemea mtu anayeteswa na hofu ya kitu kisichokuwepo. Kisa chake kiliandikwa na Ying Shao, msomi wa enzi ya Han, kumhusu babu yake Ying Chen, mkuu wa wilaya ya Ji. Alimwalika karani wake, Du Xuan, akampa divai (msinitazame hivyo, si kisa cha kanisani). Ukutani kulitundikwa upinde mwekundu, na kivuli chake kikaonekana kikombeni mfano wa nyoka. Karani akaogopa, lakini nani humkatalia mkubwa wake? Akanywa. Siku hiyohiyo kifua na tumbo vikamshika, chakula hakipiti, akakonda, na dawa za kila namna hazikufua dafu.

Watu hucheka wakaishia hapo. Mimi namtazama yule mkuu. Alifika nyumbani kwa mgonjwa, akamuuliza, akasikia habari za nyoka aliyeingia tumboni. Akarudi ukumbini kwake, akawaza sana, mpaka alipougeukia ule upinde. Ndipo akatuma gari likamlete Du Xuan taratibu, akamwandalia divai palepale. Nyoka akaonekana tena! Akamwonyesha upinde ukutani, na karani akapona.

Wapendwa, sisi ni hodari wa kutuma 2 Timotheo 1:7, "Mungu hakutupa roho ya woga," kwa simu kisha tukalala. Mstari ni wa kweli, nausimamia. Lakini wanafunzi walipomwona Yesu akitembea juu ya maji wakapiga yowe ziwani, "Ni kivuli," Bwana hakuwajibu kutoka mlimani. Aliwaambia "msiogope" akiwa amewafikia, miguu majini, upepo ungali ukivuma. Na Tomaso, aliyetilia shaka ufufuo, hakufukuzwa, aliambiwa alete mkono. Yule mama anayeogopa kurudi kliniki, nani amemuuliza aliona nini kule? Kijana aliyeacha ibada akidhani anasengenywa, nani amekaa naye? Tumewaita wachanga wa imani, na hata mlangoni kwao hatujafika. Hiyo si huduma, ndugu zangu, ni uvivu uliovaa maandiko!

Alhamisi hii hatutakuwa na somo. Tutaomba kwa kifupi, kisha twende wawili wawili. Aliye na mtu moyoni anijulishe mapema, na kwangu pia mnakaribishwa.