Nyama iliyochelewa kipaimara

Juzi wale vijana wa vyuma chakavu wamepita tena na mkokoteni wao, wakachungulia getini, mmoja akanyoosha kidole mpaka kule nyuma ya banda la kuku, "Mama, lile tangi mnauza? Tunapima kwa kilo." Nikamwambia haliuzwi. Akauliza sasa la nini? Nikabaki namwangalia tu maana jibu lake ni refu na yeye alikuwa anataka bei, basi ngoja niwasimulie nyie.

Ni ule mwaka nimerudi kutoka kwa kaka Houston, kichwa kimejaa mambo. Kule Texas wana nyama wanaipika kwa moshi. Kidari cha ng'ombe, ile sehemu ambayo huku bucha wanakukatia ya supu, wanakilaza kwenye dude la chuma, moto uko pembeni kwenye sanduku lake, nyama haiuoni moto kabisa, inapitiwa na joto na moshi tu, kwenye nyuzi 110 hivi, masaa 12 na mara nyingi zaidi. Ule ugumu wote unayeyuka, unashika kipande kinaachia chenyewe. Na watu wengi yale madude wanajitengenezea nyumbani, kwa matangi ya zamani ya gesi na ya mafuta. Nilipoliona la jirani yake kaka nikasema aah, hili si Unga Limited tu hili, kule kwa mafundi wa kuchomelea kwetu Arusha?

Mdogo wangu alikuwa na kipaimara Desemba, nikatangaza mapema nyama ni juu yangu. Watu wa Arusha mnajua kutangaza jambo la nyama ni kujitafutia nini.

Tangi nililitoa gereji moja, wakaniapia ni la kompresa, lilikuwa la upepo tu, halijawahi kuona kitu kingine. Chuma kinene, milimita 5. Watu waliniambia chukua pipa la lita 200 dada yapo mengi na bei rahisi, nikakataa, lile bati ni jembamba, upepo kidogo joto limeshuka, ukiongeza kuni limeruka, utakesha unalibembeleza. Nikalipakia kwenye guta mpaka Unga Limited kwa fundi mmoja mzee wa kuchomelea, na mchoro wangu kwenye daftari la hesabu.

Akalizunguka. Akaligonga. Akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa dada, sasa shemeji yuko wapi tuongee vipimo?"

Nikamwambia shemeji yako kwenye hili hayumo, vipimo ninavyo mimi. Akacheka, akavuta kigoda akakaa. Kuanzia hapo tulielewana.

Nilidhani ataanza kukata palepale. Wala. Akaleta spana, akafungua ile plagi ya juu, akaingiza pua. Akanyamaza. Akaniita, "Njoo unuse." Nikanusa. Jamani, hiyo haikuwa harufu ya upepo. Ilikuwa mbali lakini ipo, dizeli au petroli ya miaka hiyo, imelala mule ndani.

"Waliokwambia upepo tu, walikuwa wanakaa ndani yake?" akasema. "Tangi likijaa halina neno. Tupu ndilo linaloua. Ile harufu ndiyo inayolipuka."

Basi yule mzee akasimamisha kazi zote. Akamtuma kijana wake maji, madumu kwa madumu, wanamimina kwa faneli, inaingia pole pole mpaka unatamani kulia. Mimi nimekaa kwa mama ntilie wa jirani nimemaliza chai, nimemaliza chapati, wao bado wanajaza. Akaingiza kijiti akapima, akataka maji yaishie vidole vinne chini ya pale atakapokata, yasizidi yasipungue, plagi akaiacha wazi. Nikauliza kwa nini haifungi, akasema likipata joto litapata pa kutolea. Kisha akawaambia wote tukae nyuma ya ukuta. Wote, na muuza kahawa aliyekuwa anapita.

Akawasha gesi yake ya kukatia. Ule moto ukaimba, akaupunguza mpaka ukabaki wa bluu mfupi, akapiga goti moja. Nilikuwa nachungulia, siwezi kusema uongo. Chuma kikaanza kuwa chekundu mahali padogo kama shilingi, kikawa cheupe, akabonyeza oksijeni, cheche zikaruka, na ghafla kwenye plagi kukatoka mlio, fyuuuuuu, na mvuke mweupe unanuka oili mbichi. Weee! Kijana wake alitoka mbio na kinyago cha kuchomelea bado kiko usoni, haoni mbele, akamvaa muuza kahawa, vikombe vikasambaa barabarani, mama ntilie anaita jina la Yesu, mimi mwenyewe nimeshachuchumaa mikono kichwani.

Mzee hata goti hakuinua. Akasubiri mlio upungue, akasema bila kugeuka, "Liacheni lipumue." Akaendelea kukata.

Kahawa ya watu nililipa mimi.

Mengine yalienda haraka. Mlango, bawaba, vichaga vya nondo, sanduku la moto pembeni na kidirisha cha kuvutia hewa. Dohani kidogo tugombane, mimi nilitaka mdomo wake wa ndani uwe usawa wa nyama ili moshi upite juu ya nyama kabla ya kutoka, yeye akaona nachekesha, ila akafanya. Kuna kijana alileta bomba la zinki kwa ajili hiyo dohani, mzee akalirusha nje, zinki ikipata moto ule moshi wake unakulaza na homa, wao wenyewe wakiichomelea jioni wanakunywa maziwa. Halafu tukaliwasha tupu, moto mkali, likaungua harufu zote, tukalipaka mafuta ya alizeti ndani likawa jeusi linang'aa.

Siku ya kipaimara nimewasha saa kumi alfajiri. Kuni za mibuni, shangazi alikuwa amekata kahawa zake za zamani kule Meru, kuni kavu safi. Nikasubiri moshi mweupe uishe maana ule unatia uchungu, ukabaki ule mwembamba wa bluubluu, ndipo nikaweka kidari. Kumekucha, watu kanisani, mimi na tangi. Saa saba nyama ikafika nyuzi 70 ndani, nikafurahi, halafu ikagoma. Haipandi. Saa nane, sabini. Saa tisa, sabini. Ndivyo ilivyo, nyama inatoa jasho na jasho linaipooza, huna la kufanya ila kungoja, lakini nenda kawaeleze wageni wa kipaimara habari ya jasho.

Baba mdogo akaja na kundi lake, akaweka mkono kwenye chuma. "Mwanangu, hii inaiva leo, au tungoje harusi ya huyu mtoto?"

Saa kumi niliwasikia mbuzi wawili wakishuka nyuma ya nyumba. Mkaa ukawashwa, ndizi zikapangwa, kachumbari ikakatwa, watu wakala wakashiba wakacheza. Kidari kiliiva saa mbili usiku, MC ameshakunja spika zake.

Aliyebaki ni yule fundi. Alikuja kuona kazi yake ikifanya kazi. Nikamkatia, akatafuna muda mrefu, akaomba kingine, akatafuna. "Tamu," akasema. "Tamu sana. Ila dada, hii sio choma." Akafungiwa kilo nzima kwenye foili akaondoka nayo.

Baadaye akaniomba lile daftari, eti watu wameanza kumuulizia. Nikampa kwa moyo mweupe. Nilipopita Unga Limited nikayakuta matatu yamepangwa nje yanauzwa, mlango uleule, bawaba zilezile, hata dohani ile aliyoicheka. Nikafungua. Sanduku la pembeni hakuna, moto umewekwa chini, moja kwa moja chini ya nyama.

Nikamuuliza, fundi, sasa moshi umeupeleka wapi?

"Dada," akasema huku anapangusa miwani yake, "wateja wangu wana njaa."