Siku moja maishani mwangu: ubeti wa shairi ndani ya dirisha la Java

Saa 11 alfajiri. Nikishasali nafungua kompyuta kwanza, chai baadaye. Leo darasa langu linaanza kuandika maneno ndani ya dirisha la kompyuta kwa Java, lugha ya kuandikia programu, somo ninalolipenda kuliko yote ya muhula.

Saa 1 na nusu. Gari ya Wete kwenda Chake Chake. Karafuu zimeanikwa majamvini kando ya njia, harufu inatufuata.

Saa 3. Kazi ya leo ni ubeti mmoja, mishororo 4, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili) kila mmoja upande wake. Kisiwa hiki cha Pemba ni cha malenga Kamange na Sarahani, na shairi likipangwa vibaya watu wanaona hata kabla ya kusoma.

Binti mmoja ametunga: “Bahari imetulia, wavuvi wamerejea.” Akaiamuru drawString, amri ya Java ya kuchora maneno, iyaandike kwenye x 0, y 0. Dirisha tupu, ila vidoa viwili kwenye ukingo wa juu.

“Maalim, maneno yangu yamekwenda wapi?”

Tukavitazama kwa karibu: ncha ya mkato na mkia wa j.

Hapa nilikaa karibu saa nzima. Mstatili ukiuchora kwa drawRect, x na y ni pembe yake ya juu kushoto. Maneno sivyo. Y ya drawString ni mstari ambao herufi zimesimama juu yake, kama mstari wa daftari: b na h zinapanda, j na g zinateremsha mkia. Tena y inaongezeka kwenda chini, kinyume na grafu za skuli. Ukiipa 0, herufi zimesimama juu ya paa, nje. Iulize fonti yenyewe kupitia FontMetrics, chombo cha Java cha vipimo vya herufi: getAscent inakupa y ya mshororo wa kwanza, na kwa kila unaofuata unaongeza getHeight, kimo cha mstari mmoja.

Saa 5. Kijana mmoja ametia \n, alama ya mstari mpya, katikati ya maneno. drawString haikati mstari. Kila mshororo unataka amri yake. Mwengine amekisia y: 20, 40, 60. Alipokuza fonti, mishororo ikapandana. Kukisia huku ndiko ninakopigana nako kila muhula, maana kunafanya kazi mpaka siku unapohamia kompyuta nyengine.

Saa 6 na nusu. Sala, wali, samaki.

Saa 8. Utao. Wengi wameusukuma kwa nafasi tupu, ukaenda upogo, kwa kuwa i ni nyembamba na m ni pana. Tukapima kila ukwapi kwa stringWidth, tukachukua ulio mrefu kuliko wote, tukaongeza pikseli 40, utao wote ukaanzia hapo. Ukanyooka. Yule binti akausoma kwa sauti ya chini, mara mbili.

Saa 12 jioni. Nyumbani namwonyesha baba picha ya kazi ya yule binti kwenye simu. Akaighani, akivuta pumzi kila afikapo kwenye ule uwazi wa kati. Halafu akanyamaza.

“Na kituo kiko wapi, mwanangu?”

Kituo ndio mshororo wa mwisho wa ubeti. Nikahesabu. Mishororo 3. Dirisha tulilipa urefu wa 120 kwa setSize, na urefu huo unahesabu mpaka ule ukanda wa juu wenye jina la dirisha. Mshororo wa nne umechorwa, lakini chini ya ukingo. Baba ameirudisha simu mkononi mwangu, anasubiri nimsomee.