Siku ya mkufunzi wa walimu Tororo: milimita tatu zinazoliwa na diski

Saa 1 asubuhi niko karakana ya kuchomelea. Walimu 12 wa hisabati na fizikia, fundi mmoja, ngao mbili za uso zenye kioo cheusi. Ngao ndizo zinazopanga ratiba: asiye nayo hatazami mwali, la sivyo usiku macho yatawasha kama yametiwa mchanga. Wanaingia wawili wawili.

Wengi hudhani mafunzo ya walimu ni slaidi na posho. Mtaala wa sekondari ya chini wa Uganda ulioanza 2020 umeweka asilimia 20 ya matokeo ya UCE, cheti cha kidato cha nne, kwenye kazi za shuleni, lakini mwalimu aliyefundishwa kwa chaki atatoa wapi kazi yenyewe? Tumekuja kuitafuta hapa.

Saa 3, oda ya leo: vyuma vya dirisha, vipande 20 vya sentimita 120. Chuma kizima ni mita 6. Vinunuliwe vingapi? Walimu wote: vinne. Kila kimoja kinatoa vipande vitano.

"Vyuma vitano, mwalimu," fundi anasema. "Diski ya kukatia nayo inakula."

Hapo ndipo asubuhi yote ilipoishia. Baadhi walishikilia kwamba hasara hiyo ni ndogo mno, ipuuzwe. Tukakata chuma kimoja. Kila mkato unakula kama milimita 3. Mikato minne, milimita 12. Kipande cha tano kilitoka sentimita 118.8, hakifiki kwenye fremu. Ukiziba pengo hilo kwa kuchomelea, unamaliza elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, na kiungo kinabaki dhaifu. Basi fundi ananunua chuma cha tano, au anaafikiana na mteja vipande viwe sentimita 119.7.

Ugali na maharagwe, kisha kuandika zoezi: muktadha, nyenzo, agizo. Hapa ndipo ninapochoka. Rasimu za kwanza karibu zote zinasema, "Eleza matumizi ya hisabati katika uchomeleaji." Hilo ni swali la kukariri. Nazirudisha. Rasimu ya pili inamtajia mwanafunzi zile milimita 3 tangu mwanzo, naye habaki na la kugundua. Narudisha tena. Apewe oda, bei ya chuma na kipande kilichopungua akipime. Agizo liwe kumwandikia mteja orodha ya manunuzi na sababu zake.

"Shuleni hatuna grenda ya kukatia, na darasa lina watoto 90," mwalimu mmoja ananiambia. Namjibu: mbao chakavu na msumeno vinatosha, vikundi kumi, kila kimoja na rula. Kamba ya mafundo haifai, maana milimita 3 hazionekani juu yake.

Jua linazama, mgongo unauma, mazoezi matano yamekamilika, saba nitayasoma tena usiku. Mwalimu mmoja amemwomba fundi kile kipande cha 118.8. Kesho kinakwenda darasani kupimwa.